Mwalimu Mwenye Duka

Katika mtaa wa Matisi, mjini Kitale, palikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Mwalimu mchana na Mwalimu usiku. Mchana aliitwa hivyo kwa sababu alifundisha katika shule ya msingi niliyosomea. Usiku aliitwa hivyo kwa sababu aliuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa katika duka lenye upana wa hatua nne, na wanunuzi, hata waliomzidi umri, hawakuona vema kumwita kwa jina jingine. Jina lake silitaji. Jamaa zake wako hai, naye mwenyewe hakupenda kusemwa. Nitakayoyaeleza ni habari za maisha yake kadiri nilivyoyaona, pamoja na jambo moja nililomtendea nikiwa na umri wa miaka 13, ambalo sikulisema kwa miaka 16.

Vijana msomao habari hii mkiwa mbali na Trans Nzoia hamna budi kujua kwanza kwamba mji wa Kitale hauishi kwa saa ya ukutani, bali kwa mahindi. Reli ilifika hapo mwaka 1926, ikawafuata walowezi waliokuwa wamejitwalia mashamba makubwa chini ya Mlima Elgon. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, yaitwayo H611, yalitoka Kitale kwenda kwa wakulima. Walowezi wengi wakaondoka, lakini mahindi yakabaki kuwa mtawala. Mbegu hutiwa ardhini mwezi wa Machi au Aprili, mvua zinapoanza. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea. Katikati ya miezi hiyo kuna Juni na Julai, wakati ghala ni tupu na shamba lingali bichi. Aliye na fedha hapo ni mtu wa mshahara, na asiye na mshahara huenda dukani kukopa.

Mama yangu alikuwa mpaliliaji. Alilipwa kwa juma, na majuma mengine hakulipwa. Basi tulikuwa watu wa daftari. Daftari la Mwalimu lilikuwa na jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Ukichukua robo ya sukari, aliandika robo ya sukari, na tarehe, na bei. Kisha aliugeuza ukurasa ukuelekee wewe, usome. Hakuandika deni la mtu bila mwenye deni kulisoma. Kwa wale wasiojua kusoma, aliwasomea mara mbili, akingoja waitikie. Nilidhani hiyo ni desturi ya maduka yote, hata nilipokuwa mkubwa nikakuta sivyo.

Watu waliuliza kwa nini mwalimu auze duka. Wengine waliuliza kwa ubaya. Jibu lilikuwa jepesi. Mwaka 1997 walimu wa Kenya waligoma, serikali ikakubali kuwapandishia mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 kwa kipindi cha miaka mitano. Ahadi ikasitasita, na mwaka 1998 wakagoma tena. Mwalimu alikuwa na watoto watano, wawili wao katika shule za sekondari za bweni huko kwao Bungoma. Alikopa, akajenga kibanda cha mabati, akaanza na katoni mbili za sabuni na debe moja la mafuta. Mkewe aliuza mchana. Yeye alitoka shuleni saa kumi na moja, akavua koti, akalitundika kwenye msumari uliokuwa nyuma ya mizani, akachukua zamu. Nilimwuliza siku moja ni kazi ipi aipendayo zaidi. Akanijibu, "Mwanangu, dukani mtu akiondoka nami najua alichopata. Shuleni sijui." Wakati ule sikuelewa. Nami sasa ni mwalimu.

Dukani palikuwa na karabai, na hilo ndilo lililotuvuta. Nyumbani kwetu tulikuwa na koroboi, ambayo huwezi kusoma kwayo zaidi ya nusu saa bila moshi kukutoa machozi. Mwalimu aliruhusu wanafunzi kuketi juu ya magunia kando ya ukuta na kusoma mpaka saa tatu, madhali hawakumzuia mnunuzi kupita. Usiku mwingine tulikuwa watatu, mwingine wanane. Hakutufundisha hapo. Mtu akimwuliza swali la hesabu, alimwelekeza kwa mwenzake aliyeketi karibu. Lakini masikio yake yalikuwa kwetu hata alipokuwa akipima unga, na swali likiulizwa vibaya, mkono wake ulisimama hewani. "Uliza tena," angesema. "Swali hilo ni pungufu."

Hii ilikuwa tabia yake ijulikanayo shule nzima. Katika darasa la hesabu aliweza kutuandikia ubaoni kwamba mtu alinunua magunia sita ya mahindi akauza manne, je, alipata faida gani? Ole wake aliyeanza kukokotoa. Alitutaka tuinue mikono tuseme kilichokosekana: alinunua kwa bei gani? Aliuza kwa bei gani? Alilipa mchukuzi? Aliyetoa jibu kwa swali pungufu alipata sufuri hata kama jibu lake lilikuwa zuri, na aliyenyamaza akijua kasoro ya swali alipata sufuri vilevile. Tulilalamika kwamba mtihani wa taifa hauulizi hivyo. Alisema hilo ni kweli, akaendelea.

Kazi yake ya tatu, ambayo haikumpa hata senti, ilikuwa kushona vitabu. Nataka kuieleza vizuri, maana ni kazi ya haki na watu wameisahau. Kitabu kilichoachana na jalada hakitibiwi kwa gundi peke yake. Hukunjuka juma hilohilo. Mwalimu alizipanga kurasa kwa kuzigonga mezani pande mbili, akazibana kati ya vipande viwili vya ubao, akatoboa matundu matano kandokando ya mgongo kwa msumari mwembamba. Uzi wa katani aliupitisha kwanza katika kipande cha mshumaa, usikatike wala usikwaruze karatasi. Alianza kushona tundu la katikati, akaenda juu, akarudi, akaenda chini, akarudi, akafunga fundo palepale alipoanzia. Ndipo alipopaka uji mzito wa unga wa ngano, akalaza kitambaa cha gunia mgongoni, na jalada juu yake. Usiku mzima kitabu kililala chini ya jiwe la mizani la kilo tano. Nalijifunza kazi hiyo nikiwa darasa la sita, na mikono yangu midogo ilipendwa kwa kupitisha uzi.

Mwezi wa Januari mwaka 2003 serikali mpya iliondoa karo katika shule za msingi. Katika nchi nzima wanafunzi wa shule hizo waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Darasa letu la saba lilikuwa na watoto 48 tulipofunga Novemba. Tulipofungua tulikuwa 90, miongoni mwao wavulana wawili wenye ndevu. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Vitabu vikaja, vipya, vyenye kunukia, vimepigwa muhuri wa shule. Nia ilikuwa kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili katika madarasa ya juu. Lakini mikono ilikuwa mingi, mifuko ilikuwa ya plastiki, na mvua za Kitale hazisubiri mtu afike nyumbani. Kufikia Julai vitabu vingi vilikuwa vimevuliwa majalada kama kuku walionyonyolewa.

Mwalimu akaomba ruhusa avichukue, vichache vichache, akavishone. Ruhusa alipewa kwa mdomo. Viliwekwa dukani katika sanduku la chai, mbali na vitabu vikuukuu alivyonunua kwa wazazi ambao watoto wao wamemaliza shule na kuviuza kwa nusu ya bei. Mimi ndiye niliyeandika hesabu ya sanduku. Kitabu kilichoingia nilikiandika, kilichotoka nilikiandika. Hakuna kilichopotea, wala kilichouzwa hata kimoja. Hili nalijua yakini kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Mtu mmoja akaja kununua kiberiti, akaona muhuri wa shule. Habari zikatembea mtaani usiku ule, na asubuhi zilikuwa zimefika kabla yetu shuleni. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Yule aliyetoa ruhusa kwa mdomo hakuwapo, na aliporudi hakukumbuka, au alichagua kutokumbuka; sijui, na sasa si kazi yangu kuhukumu, maana nina la kwangu.

Niliitwa ofisini. Nilisimama juu ya sakafu ya saruji bila viatu, na mmoja wao, mtu mpole wa sauti, akaniuliza, "Je, umepata kumwona Mwalimu akiuza vitabu dukani mwake?"

Swali lilikuwa pungufu. Nililitambua upungufu wake mara moja, kama mtu atambuavyo sauti ya mlango wa kwao. Vitabu vipi? Vyenye muhuri, au visivyo na muhuri? Nilifundishwa miaka mingi kuinua mkono mahali kama hapo. Nami nilijibu, "Nimemwona."

Wakaandika. Wakaniambia niende.

Nitasema kwa nini, si kwa kujitetea. Haikuwa hofu, ingawa niliogopa. Juma lile Mama alikuwa ameketi kitandani usiku, akihesabu vidole, akalia bila sauti, akidhani nimelala. Deni letu katika ukurasa wetu lilikuwa shilingi 1,340, na mavuno yalikuwa mbali. Nilipokuwa nimesimama pale ofisini wazo likanijia zima, limevaa nguo zake zote: Mwalimu akiondoka, daftari litaondoka naye. Nilikuwa na umri wa miaka 13, na nilijua hesabu.

Hakushtakiwa. Hakukuwa na kitabu kilichokosekana, na hata wale waliomchukia hawakuweza kukizua. Siku ya Ijumaa alileta sanduku shuleni kwa mkokoteni, akavipanga vitabu mezani mbele ya kamati, akavihesabu kwa sauti: 31 vilivyoshonwa, vinne ambavyo havijashonwa. Aliomba radhi kwa hivyo vinne. Muhula uliofuata alikuwa amehamishiwa shule nyingine, mbali, katika wilaya ya Bungoma. Mkewe alikaa mwezi mmoja kuuza vilivyobaki. Kisha mabati yakang'olewa, na mahali pa duka wakauzia makaa.

Katika juma lile la mwisho alinifundisha kama siku zote. Hakunikwepa, wala hakunitazama zaidi ya wengine. Mimi ndiye sikwenda tena dukani.

Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaingia chuo cha ualimu. Mama hakujua habari ya ofisini. Alijua tu kwamba Mwalimu ameondoka na deni halijalipwa, na kila baada ya mavuno alilitaja, kama mtu atajavyo kidonda. Mwaka 2012, nikiwa katika mwaka wangu wa pili chuoni, alinipa shilingi 1,340 zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Alikuwa amesikia kwamba Mwalimu amestaafu tangu mwaka 2007, alipotimiza miaka 55 (umri wa kustaafu ulipandishwa hadi miaka 60 baadaye, mwaka 2009), na kwamba amefungua duka tena, Bungoma, karibu na Kanduyi. "Mpelekee," Mama akasema, "na umwombe radhi kwa kuchelewa."

Nilikwenda. Duka lilikuwa kubwa kidogo kuliko lile la Kitale, nayo koti ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mizani. Alinijua kabla sijafika kwenye kaunta. Tukaamkiana kwa mulembe, kama ilivyo desturi ya upande ule, akaniuliza habari za Mama, za mtaa, za chuo. Aliposikia kwamba nasomea ualimu alicheka kwa furaha hata mnunuzi aliyekuwapo akacheka naye bila kujua sababu. "Sasa niambie," akasema, "wanawafundisha kuuliza?" Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika gazeti lile. Nikaona kwamba nikilitoa, atalifungua daftari; akilifungua, tutakuwa Julai mwaka 2003; na hapo itanibidi niseme la pili. Nikanunua kalamu moja. Aliniuzia kwa shilingi kumi, akaipima kwanza kwenye karatasi kama inaandika.

Nilirudi Kitale nikamwambia Mama kwamba nimelipa. Fedha zile nilizitumia chuoni. Hivyo yule mtoto aliyesema nusu ya kweli alikuwa amekua, akasema uongo mzima.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019, shule zikiwa zimefungwa, tulipata habari kwamba Mwalimu amefariki. Mama alisema tutakwenda wote wawili, na tutakaa hata siku ya tatu. Tulipanda matatu kwenye kituo cha Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, mahindi yakiwa yamesimama marefu pande zote mbili. Huko Webuye nilikumbuka jinsi Mwalimu alivyotuambia tunuse daftari zetu, kwa kuwa karatasi yake imetoka katika kiwanda cha mji huo. Tulinusa, tukaapa kwamba tunausikia mto Nzoia. Kiwanda kile kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na watu wa Webuye wakajua maana ya mji usio na mshahara.

Maziko yalikuwa makubwa. Sitayaeleza, vijana mmeyaona maziko. Niliyoyajia ni ya siku ya tatu. Kwa desturi ya Wabukusu, watu hukusanyika tena baada ya maziko, wazee wakiwa mbele, na madeni ya marehemu hutajwa hadharani, aliyodai na aliyodaiwa, ili aliyekufa asiondoke na fedha ya mtu wala mtu asibaki na yake. Mzee mmoja alisimama na fimbo, akaita wenye madai. Walijitokeza watatu, nao wakaahidiwa kulipwa. Kisha akaita wenye kudaiwa. Hapo pakawa kimya, kama kawaida ya mahali pale, na mzee akakumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa, watu wakacheka kidogo.

Nikasimama. Mama alikuwa ameketi kando yangu juu ya mkeka. Nikasema jina langu, nikasema mtaa wa Matisi, nikasema shilingi 1,340 tangu mwaka 2003. Sikumtazama Mama, lakini nilisikia akiacha kupumua, kisha akianza tena.

Mjane aliagiza daftari liletwe. Lililetwa lile lile, jeusi, mgongo mwekundu, limeshonwa upya. Hakuwa amefuta kitu. Ukurasa wetu ulikuwapo, na sukari yetu, na sabuni, na mafuta ya taa, kila kitu na tarehe yake, na jumla chini: 1,340. Mjane akaugeuza ukurasa unielekee mimi, nisome. Nilimpa shilingi 1,400. Akazihesabu, akapiga mstari, akanirudishia 60. Hakusema kwamba nisamehewe, wala kwamba si kitu. Nilimshukuru moyoni kwa hilo kuliko kwa neno lolote la upole.

Baadaye nilimfuata jikoni, nikamweleza lile jingine, lote, pamoja na mwaka 2012. Alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuacha. Nilipomaliza alisema, "Alijua. Kamati ilimsomea ulivyosema." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Alisema swali lao lilikuwa pungufu, na wewe ulijibu ulichoulizwa." Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Na alisema ungalipata sufuri."

Aliinama tena juu ya ungo. Nami nikaketi, nikamsaidia kuchambua mpaka maharagwe yakaisha.

Katika safari ya kurudi Mama hakunena nami mpaka tulipopita Webuye. Niliandaa majibu mengi. Alipofungua kinywa, hakuniuliza kwa nini, wala hakuuliza fedha zilikwenda wapi. Alinyosha kiganja mbele yangu.

"Ile chenji," akasema.

Nikampa shilingi 60. Akazifunga katika ncha ya leso yake, akakaza fundo kwa meno, akageuka kutazama mahindi.